Arobaini na Tatu kwa Arobaini na Tatu

Mwaka 2021, masika, nikiwa na miaka hamsini na minne, nilizuiliwa katika ua wa wifi yangu kule Malolo. Mume wangu alifariki tarehe 12 Januari. Tarehe 21 Februari kikao cha ukoo kiliamua nisirudi shambani kwetu Naipingo hadi shauri la mikorosho liishe. Nikiondoka pale uani, nitahesabiwa nimeliacha shamba.

Wifi aliwadaia wanawe nusu, maana kwao mpwa humrithi mjomba. Alisema nusu ya mikorosho ilipandwa na ukoo kabla sijaolewa. Tulikubaliana jambo moja tu: karatasi ya marehemu, iliyotaja miche 1,849 katika mistari iliyo sawa.

Mimi nilijua tumepanda wenyewe, mimi na mume wangu, mara moja. Wakati ule sikuweza kuhesabu kupita ishirini. Kwa hiyo upande wa kwanza wa shamba, kila shimo nilitia korosho moja kibuyuni. Upande wa pili, uliokutana nao pembeni, kila shimo nikatoa moja, mpaka kibuyu kikawa kitupu. Darasa la watu wazima niliingia nikiwa na miaka arobaini na sita. Mle uani nikaelewa: pande zikiwa sawa, namba ile ni namba fulani mara yenyewe.

Arobaini na mbili ilipungua. Arobaini na nne ilizidi. Arobaini na tatu ikakaa sawasawa. Nikajaribu daftarini kuigawa namba yote kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, hadi kwa arobaini na mbili. Kila mara kukabaki kitu. Ilikuwa na kuta nne sawa, haina mlango. Niliizunguka majuma mengi kama nilivyouzunguka ua.

“Wifi, gawa tu,” aliniambia wifi akipepeta mtama. “Daftari halijawahi kufungua geti.”

Tarehe 10 Juni tulifika baraza la ardhi. Mwenyekiti akamwuliza wifi nusu ni ngapi.

“Mia tisa ishirini na nne.”

“Mara mbili, mama, unabaki mmoja.”

“Huo mmoja tumwachie wifi yangu.”

Baraza lilicheka. Nikasimama.

“Mistari ni arobaini na mitatu,” nilisema, “na kila mstari una mashimo arobaini na matatu. Hakuna namna nyingine ya kuipanga mistari sawa, wala ya kuikata katikati. Nendeni mkahesabu. Mimi sijakanyaga kule tangu Februari.”

Walikwenda tarehe 15, wakahesabu hata visiki, wakakuta kama nilivyosema. Hawakuona mahali ambapo upandaji mmoja uliishia na mwingine ukaanza.

Alhamisi, tarehe 17 Juni, saa saba mchana, mwenyekiti aligonga muhuri kwenye hati: shamba zima ni langu. Wifi alitia sahihi bila kuniangalia. Tuliporudi Malolo kuchukua nguo zangu, alitangulia akafungua geti, akaliegemezea jiwe lisijifunge.