Zamu ya Maji ya Nyumba ya Athumani

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Masika yalikuwa yamepamba moto, njia yote ya kutoka Magamba ni utelezi mtupu, na gari la jeshi likashindwa kupanda. Askari wawili wakaja kwa miguu, matope hadi magotini, wakauliza nyumba ya Athumani iko wapi. Hakuna aliyewajibu upesi. Vita vya Kagera vilikuwa bado havijaisha, na askari wanaoulizia nyumba ya askari mwenzao hawaji kuleta posa.

Athumani alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kijana wa utani mwingi, mtoto wa kiume peke yake kwao, na baba yake alikwisha tangulia. Aliacha mke, Mwanaidi, rafiki yangu wa kusukana nywele, na watoto wawili: Bakari, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, na Zahara, ambaye baba yake alimwacha hajaota jino. Maiti haikuletwa. Walimzika huko huko mpakani pamoja na wenzake, nasi tukaweka matanga bila kaburi.

Kijiji kilimlilia, siwezi kusema uongo. Kuni zililetwa, unga ukaletwa, maharage yakajaa magunia. Mwenyekiti wa kijiji alisimama mbele ya nyumba, akasema Athumani ni shujaa wa taifa, na kuanzia leo watoto wake ni watoto wa kijiji kizima. Watu wakapiga makofi. Makofi matangani, mwanangu! Lakini tulikuwa na uchungu, na mwenye uchungu hachagui la kufanya. Mwanaidi akaingia eda, akakaa ndani miezi yake minne na ushee, kama dini yetu inavyotaka.

Sasa nikueleze habari ya mfereji, maana nyie wa leo mnafungua bomba tu. Bustani zetu za bondeni, za kabichi na karoti, wakati wa kiangazi zilikuwa zinaishi kwa maji ya mfereji mmoja. Kila mwaka masika yakiisha, huitishwa msaragambo: kila nyumba hutoa jembe na mwanamume wa kulishika, wanazibua matope mpaka kwenye chanzo. Nyumba iliyoleta jembe inapewa zamu ya maji. Isiyoleta inakaa kavu mpaka mwakani. Mwanamke haruhusiwi kukanyaga chanzo. Kazi yetu sisi ni kupika makande na kuwapelekea njiani. Ilikuwa sheria nzuri, siidharau. Bila hiyo wavivu wangekunywa jasho letu. Ila panga linalokata kuni ndilo hilo hilo linalokata kidole.

Msaragambo wa mwaka ule ulimkuta Mwanaidi ndani ya eda. Jembe la nyumba yake halikwenda. Mimi nilikuwa nagawa makande wanaume walipokaa kupangiana zamu, na palikuwa na mzee mmoja, Mzee Hoza, aliyepelekwa vitani Burma na Waingereza enzi zake. Kulima alikwisha acha, alikuja kuota jua tu na kusikiliza.

Akauliza, "Nyumba ya Athumani mmeipa siku gani?"

Mwenyekiti, yule yule wa makofi, akamjibu kwa upole, "Mzee wangu, pale jembe halikuja. Tukimsamehe mmoja, mwakani watalala wote."

"Jembe lake limezikwa Kagera."

"Tunajua, mzee, na tunampa pole. Lakini sheria ni sheria."

Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Siku ile wazee walikuwepo, na neno likaharibika mbele yao. Mimi nilifungua mdomo. Mama mkwe akanifinya kiunoni, nikayameza. Mke mgeni wa ukoo hasemi mbele ya wanaume. Basi kila nyumba ikapewa siku yake, ya Athumani ikarukwa.

Mwanaidi alipotoka edani alishuka bondeni kabla hata hajaenda kuwaamkia wazazi wake. Nilifuatana naye. Udongo ulikuwa umepasuka, kabichi zimenyauka kabla ya kufunga, na pale juu yetu maji yanapita yanakwenda kwa wengine. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Vumilia. Mwakani si mbali."

Mwanamume mmoja aliyekuwa ameketi barazani akacheka, akasema, "Olewa, mama, upate jembe." Huyo naye sasa ni marehemu. Mungu amsamehe, mimi bado.

Tumbo la mtoto halijui mwakani. Mwanaidi alifunga mlango, akawachukua wanawe, akashuka Mombo kuuza chai na maandazi kwa abiria wa mabasi. Nilimwambia, "Mwenzangu, kule kuna joto na mbu, sisi watu wa baridi hatukuwezi." Akanijibu, "Na huku kuna nini?" Nilimpa kifurushi cha majani ya mgomba kilichojaa viazi, tukaagana.

Mvua za vuli zilikuwa hazijaanza walipomleta Zahara. Alikuja juu kwa lori la mboga lililokuwa linarudi tupu, amefungwa kwenye kanga ya mama yake, naye Mwanaidi na Bakari wamekaa kando yake. Homa ilikuwa imemmaliza kwa siku chache tu.

Sisi wanawake hatuendi kaburini, lakini makaburi ya kwetu yako kwenye migomba, ubavuni mwa nyumba, kwa hiyo niliona yote na kusikia yote. Walimzika, wakafukia, na kijana mmoja akaleta birika kumwagia kaburi maji kama ilivyo desturi. Mzee Hoza akamshika mkono.

"Hayo maji yametoka wapi?"

"Mferejini, babu."

"Leo zamu ya nani?"

Mzee akawageukia wanaume wote. "Nawauliza, wagoshi. Leo ni zamu ya nani? Maana zamu ya huyu mtoto haimo. Alipokuwa hai mlimwambia asubiri mwakani. Baba yake kauawa na adui, hilo nalielewa, nimepigana vita. Huyu kauawa na nani?"

Mwenyekiti alivua kofia yake akaikunjakunja mikononi. Mwisho mzee mwenyewe alilichukua birika, akamwagia kaburi polepole, kichwani hadi miguuni, analia waziwazi mbele ya wakwe na watoto.

Kesho yake, kabla jua halijapanda, wanaume wakajaa kwenye bustani ya Athumani. Walilima, wakasafisha, wakafungulia maji yote ya mfereji yaingie pale, zamu za watu zikaachwa. Nikaenda kumwita Mwanaidi aje aone. Alisimama juu ya ngema, pale ukingoni mwa bonde, akatazama maji yanavyotapakaa.

"Waambie wafunge," akasema. "Hakuna kilichopandwa pale."

Akamshika Bakari mkono, akarudi Mombo. Alikuja kututembelea miaka ya baadaye, lakini kulala kwetu hakulala tena.

Mwanangu, juzi niliwaona mkimpokea yule kijana wa jirani aliyeletwa na wanajeshi, bendera juu ya jeneza. Mlilia vizuri, na picha mlipiga. Sikatazi. Lakini maneno matupu hayavunji mfupa. Msiba kwa wenye nyumba unaanza siku mnapokunja majamvi na kwenda zenu. Nenda pale siku hiyo. Tazama ni kazi gani ilikuwa inafanywa na mkono wa marehemu, uifanye bila kungoja kuombwa. Ukikuta sheria imewafungia mlango, kuwa wewe wa kwanza kusimama useme, hata ukifinywa kiunoni. Na usiwahi kusema watoto wa marehemu ni wa kijiji kizima, maana mtoto wa wote hulala na njaa, kila mmoja akidhani amekula kwa mwenzake. Sema: huyu ni wangu, leo anakula kwangu.

Mungu akujalie mkono mwepesi kuliko ulimi. Akupe umri mrefu na majirani wenye haya. Na siku utakapoondoka wewe, wale utakaowaacha wasimpigie mtu goti. Amina.