Siku Niliponyamaza Mbele ya Juri

Ndugu zangu, habari hii nawasimulia kwa sababu Likasi nzima tayari inaijua, na afadhali muisikie kwangu kuliko kwa wale wa sokoni wanaoongeza kwamba nilijikojolea (sikujikojolea, lilikuwa jasho tu). Mpaka leo nikipita mbele ya ule ukumbi wa masomo nateremsha macho kama mwizi.

Mimi ni asistanti kwenye chuo kimoja hapa mjini, nafundisha namna ya kutoa shaba ndani ya jiwe. Ili niteuliwe kabisa ilibidi nitoe somo moja mbele ya juri, maprofesa wanakaa nyuma na kalamu zao, wanafunzi wanakaa mbele, na ukishindwa hapo nafasi anapewa mwingine, wewe unarudi Kapolowe kulima mahindi na baba mkwe anayekuuliza kila jioni masomo yote yale yalikuwa ya nini. Hofu hiyo ndiyo ilinipeleka kwenye simu. Nikajiandikisha kwenye kozi ya bure ya mtandaoni, zile wanaita MOOC, walimu wa vyuo vikuu wa dunia nzima, maelfu, kila mtu na simu yake, mnafundishwa namna ya kufundisha. Nikawa naangalia video kipande kipande, umeme ukirudi, mtandao ukikubali.

Aliyeniponza ni mama mmoja wa miwani kwenye zile video. Alisema sisi walimu tunauliza swali halafu tunajijibu wenyewe. Uliza, kisha nyamaza. Wanafunzi wataogopa ule ukimya, waache waogope, mwisho mmoja atasema. Chini ya video walimu wa nchi mbalimbali walikuwa wanajisifu, huyu alingoja, yule alingoja zaidi, darasa likachangamka. Bon, nami nikaamua kwamba siku ya juri nitanyamaza kuliko wote. (Ningeamua tu kuvaa kravati mpya, leo tusingekuwa hapa.) Wala sikujaribu kwanza na wanafunzi wangu, nilitaka juri lishangae.

Lilishangaa kweli. Siku yenyewe nilifika bila kula, nikaandika kichwa cha somo ubaoni, nikageuka, nikauliza: "Jiwe la mgodi wa Kakanda, tukiliweka kwenye asidi, kwa nini shaba nyingine inakataa kutoka?" Nikanyamaza. Chaki mkononi, macho kwa wanafunzi, na tabasamu kidogo kama la mama wa miwani, ila midomo yangu ilikuwa inatetemeka, basi sijui ilitoka sura gani.

Kimya. Rais wa juri akainua kichwa. Jasho likaanza kunitiririka mpaka kwenye macho, nikajiambia vumilia, jibu liko karibu. Mara nikaona Bibiche anasimama. Bibiche ni kiongozi wa wanafunzi, binti wa familia ya Kasai mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya reli. Nikafurahi rohoni, haya, jibu hilo!

"Asista, unatusikia?"

Nikafikiri, nikimjibu nimevunja ukimya, kazi yote imekufa. Nikanyamaza zaidi.

"Asista, inua mukono!"

Sikuinua. Ndugu zangu, kosa lilikuwa pale.

"Yesu! Hasemi! Hainui mukono! Bantu, kuyeni mbiyo, tension imemupiga!" (Tension ni presha, ile inayomkata mtu sauti na mkono ghafla.)

Ukumbi mzima ukanirukia. Huyu anafungua kravati, yule ananimwagia maji ya chupa kichwani, mwingine ananivua viatu (kwa nini viatu, sijui mpaka leo). Hapo ndipo nilipofungua mdomo, napiga kelele "Niacheni, ni méthode! Ni méthode ya kufundisha!" lakini kwa hofu ulimi uliniganda, maneno yakatoka kama uji, na mmoja akalia: "Maman yangu, ameanza kusema obyo!" Wakanibeba juujuu kupita mbele ya juri. Nikamnyooshea rais mkono nimweleze, naye akavua miwani, akafanya ishara ya msalaba.

Hospitalini muuguzi alinipima, akapima tena, akasema huyu ni mzima, ni woga tu umemshika. Nje mama yangu alikuwa amekwisha kufika, analia kilio cha msiba, na watu wa mtaa nyuma yake wanamsaidia kulia. Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikamwita Bibiche, nimejiandaa kumtukana.

Aliingia ameshika viatu vyangu.

"Bibiche, juu ya nini munanifanya vile mbele ya juri?"

Hakuniangalia. Akasema: "Asista, weye haukukuwa hapa. Papa Kabeya, mwenye alikuwa anatufundisha kabla yako, siku ya mwisho aliuliza swali, alafu akanyamaza. Vile vile, chaki mu mukono. Sisi tulifikiri anangoya jibu. Tulingoya, Asista. Bengine banacheka, bengine banatafuta jibu mu bikaye bya kuandikia, mpaka akaanguka. Munganga wa hopitali alisema tungemuleta mbiyo..."

Akaviweka viatu vyangu chini ya kitanda. Mimi nilijua tu kwamba mzee Kabeya alifariki, nami nikapewa kozi yake. Alivyofariki sikuwahi kuuliza.

Baadaye nikamuuliza polepole kama lile swali langu walikuwa wanajua jibu.

"Tulijua sisi wote. Mais nani angejibu, na weye uko vile?"

Juri limesema somo litarudiwa, siku yenyewe hawajataja, na kila simu ikilia naikimbilia. Ile kozi sijaimaliza. Pengine mama wa miwani ana haki, kwao. Lakini nikisimama tena pale nitasema tangu mlango mpaka kengele, nitauliza na kujijibu mwenyewe, juri likipenda linikatae. Watoto wale sitawanyamazia tena.