Nilivyomfanya Kaka Yangu Mtabiri

Majirani katika nyumba za reli pale Nakuru walimwita mama kwa jina langu. Kwetu mama huitwa kwa jina la kifungua mimba, na kifungua mimba hakuwa mimi. Alikuwa kaka yangu, aliyenizidi miaka miwili. Hakuwahi kutembea wala kusema. Mikono yake ilijikunja kifuani, na alilishwa kwa kijiko. Mama hakuwasahihisha majirani hata siku moja. Mimi pia sikuwasahihisha, ila nililifikiria jambo hilo mno, hasa mwaka ule katikati ya miaka ya hamsini, niliporudi kutoka chuo kikuu kule Uganda, nikakaa nyumbani miezi mitano nikingojea barua ya kazi.

Tulikuwa na chumba kimoja chenye pazia katikati. Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya reli. Mama alipotoka, nilibaki na kaka. Alilala kwenye mkeka mwembamba, shavu likiwa juu ya saruji, na siku moja nikagundua kwamba alikuwa anacheka kabla ya treni kufika. Alicheka hata kabla sijaisikia. Nilimchunguza siku nne kwa saa ya baba, kisha nikalala chini nami, shavu sakafuni. Mtetemo mdogo ukanipita kwenye mfupa wa taya. Kumbe ni hilo tu. Alikuwa akiihisi treni.

Ningeliacha hapo. Lakini mama aliugua, nikaenda bombani mwenyewe na ndoo. Bomba lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwetu.

"Msomi!" alisema mke wa dereva wa treni. "Digrii imekufikisha bombani?"

"Mwache," akasema mwingine. "Nyumbani ameachiwa kulea jiwe."

"Jiwe afadhali. Jiwe halili ugali."

Walicheka. Wakati huohuo nikamsikia kaka naye akicheka ndani, kile kicheko chake cha kukoroma.

"Hilo jiwe," nikasema, "linajua treni kuliko nyinyi wote. Ile ya Kisumu itaingia kabla ndoo hii haijajaa."

Ikaingia. Ndoo ilikuwa nusu.

Nilisema kwa hasira, lakini pia nilikuwa nimepiga hesabu. Nilidhani watu wakimwona ana faida watamwona ni mtu. Sikueleza habari ya saruji. Niliona maelezo yangeharibu kitu.

Kesho yake mke wa dereva alikuja mlangoni na ndizi mbivu.

"Bwana yangu hajarudi tangu juzi. Muulize."

"Hasemi, mama."

"Wewe muulize. Akicheka nitajua."

Kaka aliziona ndizi, akacheka. Dereva akarudi jioni. Kwa majuma matatu hivi mlango wetu haukukosa watu. Walimwamkia kaka. Mmoja alimwita mzee. Nilifurahi, halafu nikaanza kuogopa furaha yangu, kama kawaida yangu.

Mama, alipopata nafuu, hakufurahi hata kidogo. "Usiwape watu kitu ambacho hutaweza kuwanyang'anya," aliniambia.

Kisha kaka akaumwa jino. Alilia tangu alfajiri hadi adhuhuri, kilio kilichopita kuta zote za mstari wetu wa nyumba. Siku hiyohiyo jirani yetu wa chumba cha nne, aliyekuwa akiunganisha mabehewa, alibanwa katikati ya mabehewa mawili akafa. Mama alipokwenda bombani jioni, wanawake walichukua ndoo zao, hata zile ambazo hazijajaa, wakaondoka.

Jumapili, baba akiwa zamu, tuliitwa kwenye uwanja kati ya mistari ya nyumba. Mzee wa mstari, aliyechaguliwa na wapangaji kuamua magomvi yao, alikaa juu ya sanduku. Mke wa dereva ndiye aliyesema kwanza.

"Tulimsikia akilia. Alijua mtu atakufa."

"Kama alijua," mwanamume mmoja akasema, "basi ndiye aliyemwita huyo mtu. Arudishwe kwao."

Nilikuwa nimeandaa hotuba usiku kucha. Nilieleza kwamba mama alishikwa na uchungu siku mbili wakati wa kumzaa, kwamba ubongo wa mtoto ulikosa hewa, kwamba saruji hubeba mtetemo, kwamba jino ni jino. Niliona sura zao zikizidi kukunjamana. Niliongeza maneno, maana ninapoogopa huongeza maneno.

Mzee aliningoja nimalize.

"Kijana, nani alituambia huyu anajua?"

"Ni mimi, mzee."

"Na leo nani anatuambia hajui?"

Nikajibu kwamba ni mimi pia.

"Sasa tukuamini siku gani?" akauliza, wala hakuuliza kwa ukali. Akatoa siku tano kaka awe ameondoka.

Mama hakunilaumu. Heri angenilaumu. Alifunga nguo zake kwenye shuka, akasema atakwenda kuishi na kaka kwa nyanya, huko magharibi, na mjomba atawapokea kituoni. "Wewe ngoja barua yako."

Nilimbeba kaka mgongoni hadi stesheni. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia mtu wa miaka ishirini na mitano kuwa. Watu walisimama milangoni. Nilijiuliza kama niwatazame au nisiwatazame, na hadi namaliza kujiuliza tulikuwa tumeshapita. Nilimlaza kwenye benchi la behewa la daraja la tatu, kichwa mapajani mwa mama, nikashuka.

Jioni ile mke wa dereva alibisha. Alileta ugali na sukuma wiki kwenye sahani iliyofunikwa, akaingia bila kusita, akaketi kitandani.

"Kula, mwanangu. Umebaki peke yako." Kisha akasema, kwa huruma kabisa, "Sasa mama yako atapumzika."

Niliendelea kutafuna. Alingoja nimalize, akachukua sahani yake, akaniambia nisione haya kuchota maji saa yoyote.

Baba aliporudi kutoka zamu aliuliza majirani wamesemaje.

"Wamekuwa wema," nikamjibu.