Mama Mkwe na Tangi Nililolikausha

Jamani, leo nimekasirika kwelikweli.

Lile gari letu la kulala, lenye jiko na choo, mwaka jana tuliliacha na maji ndani. Baridi ikaja, maji yakaganda, paipu zikapasuka.

Mwaka huu nikasema sirudii kosa. Asubuhi nzima niko nje huku ughaibuni, Thamesmead, vidole vimekufa ganzi. Nimemwaga tangi, nimezipuliza paipu zote kwa kompresa, ile mashine ya upepo, mpaka hazitoi hata tone.

Nikaingia ndani ya nyumba kupika.

Mchana narudi garini kufunga milango, nafungua bomba nihakikishe tu. Maji hayo, shwaa!

Kumbe mama mkwe, aliyekuja juzi kutoka Unguja, alikwenda kulitazama gari.

"Mwanangu, choo kikavu vile, mtu atachambia nini? Nimekujazieni tangi."

Tena kwa huruma! Nikasema tu, "Ahsante, mama."

Yeye simlaumu. Kaona choo hakina maji, roho ikamuuma.

Lakini nani kamvutia mpira wa maji mpaka garini? Mume wangu! Yule yule aliyenishikia kompresa asubuhi!

Namuuliza, ananijibu, "Sasa mama ningemwambiaje, kwamba choo chetu tumekikausha makusudi?"

Hebu semeni nyinyi, hapo nimekosea kukasirika?

Wanasema leo baridi inashuka chini ya sifuri. Blanketi la mume wangu nimeshalitoa nje. Akalale garini, alikumbatie tangi lake lisigande.