Risasi za Baba za Idi Pili

Mwezi uliopita nilikuwa na shughuli Dallas, nikajikuta nimekata kona kuingia mtaa wetu wa zamani kule Richardson. Sikupanga. Nyumba bado ipo, imepakwa rangi ya kijivu kama nyumba zote siku hizi, na mlango wa gereji ulikuwa wazi. Ndani wameweka baiskeli za mazoezi. Nikasimamisha gari ng'ambo ya barabara, na wewe unajua jinsi pua inavyokumbuka kabla ya kichwa: ilinijia harufu ya maganda ya jozi yaliyosagwa, mafuta ya mashine, na tangawizi ya chai ya mama ikipenya chini ya mlango wa jikoni. Uso ukaniwaka moto. Nina watoto, nina kazi ya heshima Houston, na bado gereji ile inanitia aibu.

Ngoja nikueleze. Baba alikuwa mtu wa kompyuta, wa kuvaa shati la mikono mirefu hata Agosti ya Texas. Lakini Jumamosi alikuwa mtu wa shabaha. Jirani yetu, mzee wa Kimarekani aliyestaafu ualimu, ndiye aliyempeleka kwenye uwanja wa kulenga shabaha mara ya kwanza, na ndiye aliyemwambia kwamba wanaoupenda mchezo ule hutengeneza risasi zao wenyewe. Basi ikaja mashine, ikafungwa kwenye meza nzito katikati ya gereji.

Ilikuwa na sahani ya chuma inayozunguka. Ukivuta mkono wake mara moja, kila ganda linasogea kituo kimoja: hapa linawekwa fataki mpya, kile kidonge cha kuwashia baruti, pale linamiminiwa baruti, mbele linavikwa kichwa cha risasi, mwisho linabanwa. Kila ukivuta, risasi nzima inadondoka kwenye kisanduku. Ka-chak, ting. Ka-chak, ting. Hiyo ndiyo sauti ya Jumapili zangu. Kazi yetu watoto ilikuwa kupepeta maganda ya shaba yaliyotoka kusafishwa kwa unga wa maganda ya jozi, kwa ungo ambao bibi alituletea kutoka Tanga akidhani tutapetea mchele.

Sasa, mashine ile ina vikorokoro vyake, na hapo ndipo baba alipopotelea. Jioni alikuwa akikaa na katalogi ya vifaa mezani, sahani ya maharage imesukumwa pembeni, anafunua kurasa kama mtu anayechagua gari la harusi. Jirani alikuwa na maneno yake ambayo hakuchoka kuyarudia: nunua kwanza vinavyokusaidia kuona. Taa ndogo ya kumulika ndani ya ganda. Kisha kile kifaa kinacholia ganda likipita bila baruti. Vya kuongeza kasi, alisema, viache mpaka utakapochoka kusubiri.

"Taa tu si ingetosha kwa sasa?" mama aliuliza. Mama alikuwa muuguzi. Mambo ya kukagua mara mbili alikuwa anayajua.

"Taa nitanunua," baba akajibu. "Taa haikimbii."

Alichonunua ni pipa. Pipa la plastiki linalokaa juu ya mashine, lenye injini yake, linalozungusha maganda na kuyashusha lenyewe kwenye bomba, yakigongana kama mvua ya mawe juu ya bati. Tulipiga makofi lilipowashwa. Nikuambie ukweli, lilikuwa zuri kulitazama.

Na haraka yake ilikuwa na jina. Baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, alikuwa anakuja kwa Idi kutoka Houston pamoja na marafiki zake. Alikuwa akiishi Gulfton, kwenye yale maghorofa yaliyojaa wageni wa kila nchi, lakini alikuwa na mdomo, alikuwa na kicheko, na kila alipoingia sebuleni watu walisogeza viti kumsikiliza yeye. Baba alikuwa kaka mkubwa, aliyemtangulia Marekani, na hakuna aliyemsogezea kiti. Nadhani alitaka siku moja tu watu wamtazame yeye.

Wiki ile ya mwisho ya Ramadhani alifanya kazi kama kiwanda. Pipa linanguruma, mkono unapanda na kushuka. Ganda likikwama alikuwa anarudisha mkono nyuma, analichomoa, anaendelea. Hakuwa na kitu cha kumwambia kama baruti imeingia au ganda limerukwa. Gereji ile ilikuwa na giza, na taa ilikuwa bado iko kwenye katalogi.

Idi pili tukaenda uwanjani, msafara wa magari, wageni, watu wa msikitini kwetu na jirani, kanzu zimebadilishwa kwa jinzi. Mama alibeba pilau kwenye dishi kubwa lililofungwa kwa kanga. Sisi watoto tukakalishwa nyuma kwenye mabenchi, masikio yamezibwa. Baba akagawa risasi zake kama anagawa tende.

"Hizi za mkono wangu mwenyewe," alisema, na baba mdogo akamwinamia kwa mzaha, "Shikamoo, fundi!" Watu wakacheka vizuri. Baba alikuwa anang'aa.

Baba mdogo akalenga. Mlio, mlio, mlio. Halafu ukaja mlio ambao haukuwa mlio. Puf. Kama mtu anayezima mshumaa. Baba mdogo akaitazama bastola, akatikisa kichwa, akainua tena mikono ili aendelee.

"Acha! Usivute!" Ilikuwa sauti ya jirani, ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda. Msimamizi wa uwanja alikuwa ameshafika mbio. Wakaifungua ile bastola, wakamulika ndani ya mtutu. Risasi ilikuwa imekwama katikati. Fataki peke yake ilikuwa imeisukuma hadi hapo, kwa sababu ganda halikuwa na baruti hata chembe. Ingefuata nyingine nyuma yake, mtutu ungepasukia mikononi mwa baba mdogo, usoni pake.

Msimamizi akageukia kundi zima. "Nani ametengeneza hizi?"

Baba akanyoosha mkono. Aliunyoosha juu, kama mwanafunzi. Wakapita na ndoo wakizikusanya risasi zake moja moja kutoka kwa wageni, na kila mgeni alipotumbukiza zake, ndoo ililia. Wakamrudishia ndoo, wakamwomba atoke kwenye mstari. Alipita mbele yetu amekumbatia ndoo ile, hakututazama. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilitamani, kwa muda mfupi, niwe mtoto wa mtu mwingine.

Pilau ililiwa kidogo. Na madrasa Jumapili iliyofuata, watoto wakubwa walikuwa wanapita nyuma yangu wakisema "puf". Wazazi wao walikuwa wamelisema nyumbani, bila shaka. Baba naye alilisikia mlangoni mwa msikiti. Nilikuwa nimemshika mkono, nikausikia ukilegea.

Hakuigusa mashine kwa muda mrefu. Alichofanya ni kukaa gerejini na nyundo ya plastiki ya kuchomolea vichwa vya risasi, anazivunja zote za ile ndoo. Tok, tok, tok. Mama akavuta kiti akakaa naye. Wakakuta nyingine tupu. Baba akaiweka mezani, akaitazama, akaomba simu.

"Mdogo wangu," alisema. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. "Ningekuua."

Sauti ya baba mdogo ilisikika kutoka kwenye simu hadi kwetu jikoni. "Kaka, hayo yameisha."

"Hayajaisha. Niliambiwa ninunue taa. Sikununua. Nilitaka uone."

"Nione nini?"

Baba akaigeuza ile risasi tupu pale mezani. "Nilitaka na mimi nionekane."

"Kaka," baba mdogo akasema, taratibu kuliko nilivyowahi kumsikia, "mimi kwako nilikuja kula pilau."

Pipa likauzwa. Akaja mtu na pikapu, na kabla hajalipakia baba akamsimulia yote, hata yale ambayo hakuulizwa. Ndipo vikaja taa na kile kifaa cha kulia, na baba akaanza upya, polepole, akiinama juu ya kila ganda. Ukipita na kikombe chako cha chai alikuwa anakuita: "Njoo uangalie na wewe. Unaona nini humo?"

Idi iliyofuata baba mdogo alikuja peke yake. Uwanjani, mbele ya wale wale waliocheka, akanyoosha kiganja. "Ziko wapi zako, kaka?" Baba akakataa. Baba mdogo akabaki amenyoosha kiganja mpaka akapewa. Akapiga zote. Baba alishindwa kutazama. Alisimama ameupa uwanja mgongo, ametuelekea sisi, na kila mlio ulipopita mabega yake yaliruka, na macho yake yalikuwa yamejaa. Safari ile sikutazama viatu.

Jirani tumemzika. Uwanja umekuwa nyumba za kupanga, na mashine ilikwenda kwa kijana mmoja ambaye jina lake tumelisahau. Baba na mdogo wake siku hizi wakipigiana simu ni mpira na dawa za presha. Mimi nina nyumba yangu, taa zinawaka kila chumba, na nikikosea sinyooshi mkono kama baba, nafunga mlango ili watoto wasijue. Nilikaa kwenye gari pale Richardson mpaka mwenye baiskeli akatoka kunitazama, nikawasha, nikaondoka.