Gitaa la Mjomba Katika Shamba la Mtama

Mjomba wangu, kaka yake mama, alipiga gitaa la umeme hapa Masasi miaka ya sitini. Walikuwa vijana wanne wenye mashati ya maua, wakipitisha gitaa kwenye redio mbovu hadi sauti inatetemeka na kujirudia kama mtu anayeita ndani ya kisima. Wazee walisema ni muziki wa wavuta bangi. Nje ya Masasi na Newala hakuna aliyewajua. Kilichobaki ni utepe mmoja wa rekodi, na mjomba alipohamia Newala alinikabidhi mimi, eti kwa kuwa ndimi niliyesoma.

Msomi huyo alifanya nini? Mwaka mmoja ndege walivamia mtama wangu. Kwetu tunawafukuza kwa utepe wa kaseti: unauvuta kutoka mti hadi mti, upepo ukipiga unavuma, ndege wanakimbia. Kaseti zangu zilikuwa zimekwisha. Mashine ya kuchezea utepe wa mjomba ilikufa zamani, nikajiambia haumfai mtu tena. Nikaukunjua wote. Ulivuma vizuri sana, mtama nikavuna, na jua likaukatakata utepe vipande vipande. Naona aibu hata kuandika.

Mwezi uliopita mjomba alinipigia simu. Wenzake wote watatu wameshafariki. Amempata kijana anayehamishia rekodi za zamani kwenye simu, na wajukuu hawaamini kwamba babu yao aliwahi kushika gitaa.

"Ulete, mpwa wangu," alisema. "Wanisikie kabla sijafa."

Nilipanda kwenda Newala mikono mitupu, njia nzima nikijiapiza kwamba nitasema kweli. Nilimkuta amevaa shati lililopigwa pasi, wajukuu wamekaa mkekani wanangoja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja nao?"

"Mchwa waliula, mjomba."

Neno lilinitoka jepesi tu.

Mjomba akawageukia wajukuu. "Kosa ni langu," aliwaambia. "Nilimpa ndani ya kasha la mbao, na mchwa wa Masasi nawajua. Ningeuweka kwenye kopo la bati." Akanishika mkono. "Nisamehe, mpwa wangu. Nilikubebesha mzigo bure."

Nilikuwa bado na nafasi ya kusema. Wajukuu walikuwa wananitazama.

"Yamekwisha, mjomba," nikamwambia. "Nimekusamehe."

Naye akanishukuru.