Nimpaye Aliyezipa Katuni Sauti

Nimpaye aliingia kambi ya wakimbizi ya Lukole mwaka 1996 akitokea Muyinga, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa na miaka ishirini na minne, sufuria moja, na sauti iliyowahi kuongoza kwaya ya parokia yao. Mume hakuwa naye, wala hakupenda kuulizwa habari zake.

Kazi ya video ilimjia kwa bahati tu. Modestus, Mhangaza, mwenyeji wa Kabanga upande huu wa mpaka, alikuwa na kibanda cha video sokoni, amekizungushia turubai pande zote ili mchana ndani pawe giza. Watu walikuwa wamechoka na sinema za kupigana. Siku moja akaja na mikanda saba aliyoipata mpakani, haina hata karatasi ya jina. Alipowasha jenereta na kuujaribu wa kwanza, ikatokea katuni: vijana watano wenye nywele za bluu na kijani, wanaishi ndani ya chombo kinachoruka kati ya nyota, wana magitaa, kinanda na ngoma, na kila wanakotua wanatafuta mtu wa kusikiliza muziki wao. Lugha waliyosema hakuna aliyeijua. Haikuwa Kifaransa wala Kiingereza.

"Hii nitairudisha," Modestus akasema. "Nani atakaa kutazama watu asiowaelewa?"

Nimpaye alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake ya nyanya. "Hebu rudisha nyuma kidogo, kaka. Huyo wa gitaa amekasirika kwa sababu mwenzake ameanza kabla ya kuhesabiwa. Huoni mkono wake? Hata kwaya zinagombana hivyo hivyo."

Modestus akarudisha, akatazama, akacheka. Kesho yake akamwekea kigoda kando ya televisheni.

Basi Nimpaye akawa anasema sauti zote tano, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, kila mmoja na ukali wake na upole wake. Mikanda aliitazama kwanza peke yake asubuhi, halafu alasiri anawasimulia watu. Nyota zile akazifanya vilima, na mageti ya angani akayaita vizuizi vya barabarani. Kibanda kilijaa hadi watu wakawa wanasikiliza kutoka nje ya turubai.

Wale vijana hawakuwa na majina, kwa kuwa hakuna aliyeelewa walivyoitwa. Hapo ndipo akina mama walipoanza kumjia. Mmoja akaomba mpiga kinanda aitwe Uwase, kama mwanawe. Mwingine akaomba wa gitaa apewe jina la wake. Mpiga ngoma, kijana mwembamba asiyeongea sana, aliombewa jina na Kalista, mama mtu mzima aliyepotezana na mwanawe Iradukunda kwenye njia za Muyinga.

"Yeye naye alikuwa anagonga kila kitu," Kalista akasema. "Sahani, mlango, hata kichwa changu."

Akapewa jina hilo. Kuanzia siku ile Kalista hakukosa alasiri hata moja. Alikaa mbele kabisa, mikono mapajani, na kila kijana yule alipopiga ngoma alitingisha kichwa taratibu.

Kisha Nimpaye akautazama mkanda wa sita. Chombo kinapata moto. Mpiga ngoma anawasukuma wenzake wanne kwenye chombo kidogo, anafunga mlango kwa nje, anabaki. Moto unammeza. Nimpaye akaurudisha mara tatu, akitumaini ameona vibaya.

"Turuke hapa, kaka Modestus. Twende wa saba moja kwa moja."

"Watauliza yuko wapi. Utawajibu nini?"

Nimpaye akatoka nje. Akaenda mpaka nyumbani kwa Kalista, akamkuta anapepeta maharage.

"Amahoro, mama."

"Amahoro, mwanangu. Mbona uso umekushuka?"

Nimpaye akamweleza yote, bila kuzunguka. Akaongeza, "Naweza kusema ametoroka kwa mlango wa nyuma. Hakuna atakayejua."

Kalista akauweka ungo chini. "Wangu sikuuona mwisho wake," akasema. "Nilimshika mkono, watu wakasukumana, mkono ukawa mtupu. Miaka yote naambiwa labda yuko Kigoma, labda yuko Uvira. Nitakuja. Na wewe sema kama ilivyo."

Alasiri ile Nimpaye alisema kama ilivyo. Mlango ulipofungwa alimpa yule kijana maneno machache: "Nendeni. Mimi nawapigia ngoma huku." Moto ulipojaa kwenye kioo, sauti yake ikakatika. Ikabaki jenereta tu ikinguruma nje. Halafu Kalista akaanza kuimba wimbo wa kubembelezea mtoto, polepole, macho yake kwenye televisheni. Wanawake wakaupokea, na wanaume nao. Modestus hakugusa mashine mpaka walipomaliza.

Kutoka siku hiyo Kalista aliacha kuuliza habari za mwanawe kwa kila mgeni. Aliomba misa ya marehemu, akanyoa nywele, akalia wiki nzima. Nimpaye alilala kwake siku zote hizo, na baadaye akabomoa kibanda chake akakijenga upya ubavuni mwa cha Kalista.

Mkanda wa saba ulionyeshwa mpaka ukachanika. Modestus akaleta sinema nyingine, akampata kijana wa kutafsiri Kiingereza, na Nimpaye akarudi kwenye nyanya zake bila kinyongo.

Kambi ilipokaribia kufungwa, wanawake wale wawili walijiandikisha kurudi kwao pamoja kama mama na binti. Karani aliuliza kama kweli Kalista ndiye aliyemzaa Nimpaye.

"Andika tu," Kalista akamwambia, na karani akaandika.